RES sifuri kwenye mashine ya prosesa 128: uchambuzi wa kisa kimoja cha hesabu za kumbukumbu ndani ya kerneli ya Linux

Mashine ni kubwa. Ina prosesa zaidi ya mia moja, na kerneli yake ya Linux imejengwa kwa kurasa (vipande ambavyo kerneli hugawia kumbukumbu) za kilobaiti 64 badala ya zile za kilobaiti 4 tulizozizoea. Msimamizi anafungua top, programu inayoorodhesha michakato, na kwenye safu ya RES, inayotakiwa kuonyesha RAM inayokaliwa na kila mchakato, anakuta sifuri kwa baadhi ya michakato. Anasubiri top ijichore upya, bado sifuri. Safu ya SHR, ya kumbukumbu inayoweza kushirikiwa na michakato mingine, nayo ni sifuri. Hata top yenyewe, programu inayochora jedwali analolitazama, inajionyesha haitumii hata kilobaiti moja ya RAM.

Tatizo hili liliwafikia watunzaji wa kerneli ya Linux, na kiraka chake, yaani badiliko la msimbo la kulirekebisha, kikatumwa mwaka 2025. Marekebisho yenyewe ni mafupi. Linalonifanya niandike ni njia iliyotufikisha hapo: kila hatua ilikuwa na sababu nzuri, na bado namba inayosomwa na vyombo vingi vya ufuatiliaji duniani ikapoteza maana kwenye mashine zilezile ambazo watu huzichunga kwa makini kuliko zote. Nitatumia prosesa 128 katika hesabu zote, ili msomaji aweze kuzirudia mwenyewe.

Jedwali linalojipinga

Kabla ya kugusa msimbo, jedwali la top lenyewe linatosha kuonyesha kwamba namba hiyo haiwezi kuwa kweli. Mchakato wenye hali ya R unatekelezwa au uko kwenye foleni ya kutekelezwa. Prosesa haiwezi kutekeleza amri ambayo haiko kwenye RAM. Lazima kuwe na angalau ukurasa mmoja wa msimbo, mmoja wa rafu (stack), na kadhaa za maktaba ya C. Sifuri haiwezekani kabisa.

Kuna michakato ambayo sifuri ni jibu lake halali, nayo ni nyuzi za kerneli, kwa sababu hazina eneo lake la kumbukumbu. Lakini hizo huonyesha sifuri pia kwenye VIRT, safu ya eneo lote la anwani ambalo mchakato umeliomba. Hapa VIRT ilikuwa na namba ya kawaida kabisa. Uwezekano mwingine ni mchakato uliohamishiwa wote kwenye diski, ila huo ungekuwa umelala. Usingeonekana ukila muda wa prosesa.

Tofauti hiyo kati ya VIRT na RES ndiyo inayotuelekeza pa kuchimba. VIRT hutoka kwenye kaunta ya kawaida, namba moja ndani ya muundo wa mm unaoeleza kumbukumbu ya mchakato. Hubadilika mchakato unapoomba au kuachia eneo la anwani, jambo ambalo si la kila sekunde, na hubadilishwa chini ya kufuli, yaani na mmoja tu kwa wakati. Kwa hiyo ni sahihi daima. RES haihesabiwi hivyo. Ni jumla ya kaunta tatu: kurasa zisizo na faili nyuma yake, kurasa za faili, na kurasa za kumbukumbu ya pamoja. Hizi hubadilika kila ukurasa mmoja unapoingia au kutoka, na kwenye seva yenye kazi nyingi hilo hutokea mara nyingi mno kwa sekunde, kutoka kwenye prosesa nyingi kwa wakati mmoja.

Kwa nini kaunta moja haitoshi

Tatizo la kaunta ya pamoja ni la vifaa. Namba moja ikiandikwa na prosesa mbili, kipande cha kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa) kilichobeba namba hiyo lazima kihame kutoka prosesa moja hadi nyingine kila mara. Prosesa mbili huvumilia. Prosesa 128 zikigombea kipande hichohicho, muda mwingi huishia kwenye kusubiri kaunta, na kazi halisi ya kuingiza ukurasa inakuwa ndogo kuliko kazi ya kuuhesabu.

Linux ilianza kulikwepa hili kwenye toleo la 2.6.34, mwaka 2010. Kila uzi, yaani kila mkondo wa utekelezaji ndani ya mchakato, ulipewa hesabu yake ndogo, na baada ya matukio 64 ukaiwasilisha kwenye jumla ya mchakato. Upungufu wa juu ukawa idadi ya nyuzi mara 64. Kwa programu ya uzi mmoja hilo ni dogo. Kwa programu yenye nyuzi 1,000 ni kurasa 64,000, ambazo kwa kurasa za kilobaiti 4 ni megabaiti 250. Na programu za seva za leo zenye nyuzi maelfu si ajabu tena.

Ndipo toleo la 6.2, lililotoka Februari 2023, likahamishia hesabu hizi kwenye chombo kingine kilichokuwa tayari ndani ya kerneli, kiitwacho percpu_counter. Badala ya kila uzi, sasa kila prosesa ina hesabu yake kwa kila mchakato. Fikiria uwanja wa mpira wenye milango mingi: kila mkata tiketi ana daftari lake, na hupeleka jumla ofisini daftari linapofikisha idadi fulani, kisha huanza upya. Ofisi ikiulizwa watu wangapi wameingia, hujibu kwa kile ilichopelekewa. Kilichomo kwenye madaftari ya milangoni hakimo kwenye jibu.

Waliofanya mabadiliko hayo hawakuficha gharama yake. Maelezo yao yalisema wazi kwamba upungufu unahama kutoka idadi ya nyuzi mara 64 na kuwa takriban idadi ya prosesa kwa kipeo cha pili. Kwa programu ya nyuzi maelfu kwenye mashine ya kawaida, huo ni unafuu mkubwa. Mabadiliko yalikuwa sahihi kwa tatizo walilolilenga.

Hesabu ya kizingiti

Kizingiti cha kuwasilisha kwenye percpu_counter hupangwa mashine inapowaka: ni 32, au idadi ya prosesa mara mbili, lolote lililo kubwa. Kwa kompyuta ya mkononi yenye prosesa 8, kizingiti ni 32. Kila prosesa inaweza kushikilia hadi kurasa 31 bila kuziwasilisha, yaani kilobaiti 124 kwa kurasa za kilobaiti 4. Kwenye kaunta moja, prosesa zote nane kwa pamoja haziwezi kuficha hata megabaiti moja. Hakuna mtu atakayeona.

Sasa chukua mashine yetu. Prosesa 128 zinaleta kizingiti cha 256. Kila prosesa inaweza kushikilia kurasa 255. Kwa kurasa za kilobaiti 4, hiyo ni karibu megabaiti 1 kwa prosesa na megabaiti 127.5 kwa prosesa zote, kwa kila kaunta. Tayari inakera. Kwa kurasa za kilobaiti 64 ni karibu megabaiti 16 kwa prosesa moja, na karibu gigabaiti 2 kwa zote.

Zidisha vizuri hapo. Idadi ya prosesa imeingia kwenye hesabu mara mbili, mara moja kama kizingiti na mara ya pili kama idadi ya madaftari, kisha ukubwa wa ukurasa ukazidisha tena kwa 16. Ndani ya msimbo kizingiti kinapimwa kwa vipande, na mwandishi wa percpu_counter hakuwa na namna ya kujua kama kipande ni baiti, faili au ukurasa wa kilobaiti 64. Chombo hicho hutumika sehemu nyingi za kerneli. Kosa liko kwenye makutano: chombo cha jumla kilichopimwa kwa idadi kimepewa kazi ambayo mtumiaji wake husoma kwa kilobaiti.

Sasa programu ndogo kama top inakuja. RAM yake yote ni megabaiti chache, yaani makumi ya kurasa za kilobaiti 64. Haifikii 256 hata kama kurasa zote zingehesabiwa kwenye prosesa moja. Hakuna daftari litakalojaa, na ofisi haitapelekewa chochote tangu mchakato uzaliwe hadi ufe. Ndiyo maana sifuri ile haikuwa ya kupita.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba mfumo wa zamani, kwa programu ndogo za uzi mmoja, ulikuwa na upungufu mdogo kuliko huu mpya. Uzi mmoja ulikuwa na hesabu moja ya kuficha, popote ulipotekelezwa. Sasa uzi huohuo ukihamishwa na kipanga kazi kutoka prosesa moja hadi nyingine, unaacha mabaki kwenye kila prosesa uliyopitia.

Kuiona ngazi kwa macho

Ukitaka kuliona jambo hili bila kubahatisha, andika programu fupi ya C inayoomba eneo kubwa la kumbukumbu kwa mmap, kisha iandike baiti moja kwenye kila ukurasa, mmoja baada ya mwingine, ikipumzika kidogo katikati. Ifunge kwenye prosesa moja kwa taskset. Kwenye dirisha la pili soma mstari wa RssAnon ndani ya /proc/PID/status (RSS ndilo jina la kerneli la kile top inachokiita RES, na RssAnon ni sehemu yake ya kurasa zisizo na faili), na pembeni yake soma Rss ndani ya /proc/PID/smaps_rollup.

Kwenye kerneli yenye tatizo, mashine ya prosesa 128 na kurasa za kilobaiti 64, smaps_rollup hupanda kilobaiti 64 kwa kila ukurasa unaoguswa, taratibu, kama inavyotakiwa. RssAnon hukaa sifuri. Hukaa sifuri kwenye megabaiti 5, kwenye megabaiti 10, kwenye megabaiti 15. Kisha kwa ukurasa mmoja tu unaofuata, huruka hadi 16384 kB, na kutulia hapo mpaka megabaiti 16 nyingine zitimie. Mruko wa kwanza huja mapema kidogo kuliko ukurasa wa 256 wa jaribio lako, kwa sababu programu tayari ilikuwa na kurasa chache za rafu na data ilipoanza.

Tofauti ya vyanzo hivyo viwili ndiyo ushahidi. Faili ya status husoma kaunta. Faili ya smaps_rollup haiamini kaunta yoyote. Hupita kwenye majedwali ya kurasa ya mchakato na kuhesabu upya. Nyaraka za kerneli zenyewe zimekuwa zikisema hivyo kwa miaka: namba za RSS kwenye status si kamili, anayetaka picha kamili asome smaps, ambayo ni ya polepole. Lakini msomaji wa onyo hilo hutarajia kukosa kilobaiti kadhaa. Hatarajii sifuri.

Upungufu huu una upande wa pili, unaopotosha zaidi kwa sababu huzaa namba inayofanana na ukweli. Tuseme uzi uliofungwa kwenye prosesa ya 3 unagusa kurasa 256. Kizingiti kimefika, zinawasilishwa, jumla kuu inasoma 256. Uzi mwingine kwenye prosesa ya 90 unaachia kurasa 200 kati ya hizo. Daftari la prosesa ya 90 linasoma hasi 200 na halijafika kizingiti, kwa hiyo jumla kuu bado ni 256 wakati kurasa halisi zilizobaki ni 56. Mchakato unaonekana umeng'ang'ania kumbukumbu ambayo tayari umeirudisha, na mtu atatumia siku nzima akitafuta uvujaji usiokuwapo. Ukigeuza mpangilio, jumla kuu inaweza kuwa hasi kabisa. Hapo kerneli huizuia isomeke chini ya sifuri na kuonyesha sifuri. Kwa hiyo sifuri moja kwenye RES inaweza kuwa na maana mbili: hakuna kilichowasilishwa, au kilichotolewa kimewasilishwa kabla ya kilichoingia.

Kerneli ilikuwa tayari na mfano mzuri ndani yake

Takwimu za mfumo mzima, zile zinazoishia kwenye /proc/vmstat na sehemu kubwa ya /proc/meminfo, nazo huhesabiwa kwa kila prosesa. Ila zina vizuizi viwili ambavyo kaunta za RSS hazikupewa. Kwanza, kizingiti chake hakiruhusiwi kuvuka 125, hata mashine iwe kubwa namna gani. Pili, zina saa: mabaki hukusanywa kwa vipindi, na kipindi cha kawaida ni sekunde moja. Msomaji wa meminfo anaweza kupishana na ukweli kwa muda mfupi, lakini kosa halikai.

Kaunta za mchakato hazina saa. Kilichobaki kwenye daftari la prosesa fulani hubaki hapo kwa wiki nzima ikiwa mchakato haugusi kurasa tena pale. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha kisa, kuliko hata ukubwa wa kizingiti. Takwimu inayochelewa inaweza kufanyiwa kazi. Takwimu isiyofika kamwe haifai kuitwa takwimu.

Mbona basi zisiwekewe saa? Kwa sababu kaunta za mfumo mzima ni idadi maalumu, ilhali mashine moja inaweza kuwa na michakato maelfu, kila mmoja na kaunta nne (ya nne ni ya kurasa zilizo kwenye swap, yaani zilizohamishiwa kwenye diski) mara prosesa 128. Kuzizungukia zote kila sekunde, hata za michakato iliyolala ambayo hakuna anayeiulizia, ni kuchoma prosesa bure. Kupunguza kizingiti nako kungerudisha ugomvi wa kufuli kwenye njia ya kuingiza kurasa, yaani kwenye kidonda kilekile kilichotibiwa.

Kiraka kinamlipisha nani

Suluhisho lililochaguliwa lilimwacha mwandishi wa kaunta kama alivyo na kumgeukia msomaji. percpu_counter tangu zamani ina njia mbili za kusomwa. Moja husoma jumla kuu tu, haraka, bila kufuli. Nyingine hushika kufuli ya kaunta hiyo, hupita kwenye prosesa zote, na kujumlisha mabaki. Kiraka kilibadilisha sehemu mbili, ile inayoandaa /proc/PID/status na ile inayoandaa /proc/PID/statm, zitumie njia ya pili. Sehemu nyingine za kerneli zikaendelea na ya kwanza.

Jumla hiyo kamili haikuwa ngeni kwenye kaunta za RSS. Mchakato unapokufa kabisa na muundo wake wa mm kuvunjwa, kerneli hujumlisha mabaki yote na kuangalia kama yanafika sifuri. Yasipofika, huandika kwenye logi maneno «BUG: Bad rss-counter state». Maana yake ukweli wote ulikuwapo ndani ya mashine muda wote, umesambaa kwenye prosesa 128, na kerneli ilikuwa ikiukusanya mara moja tu, mchakato ukishakufa.

Gharama ipo na inastahili kupimwa. Tuchukue mashine yenye michakato 5,000. Kaunta za mchakato mmoja zimepangwa pamoja kwenye kumbukumbu ya kila prosesa, basi tukadirie usomaji mmoja wa kashe kwa kila prosesa kwa kila mchakato: 5,000 mara 128 ni 640,000. Hata tukiuhesabu kila mmoja kwa nanosekunde 100, ni milisekunde 64, na top kwa kawaida hujichora kila baada ya sekunde 3. Ni mzigo unaobebeka, na unabebwa na aliyeuliza, wakati anapouliza. Kila ukurasa unaoingizwa kwenye mashine ambayo hakuna anayeitazama unaendelea kuingia kwa bei ileile ya chini. Naona huu ndio mgawanyo wa haki: kurasa huingia na kutoka mamilioni ya mara, swali la mtu huulizwa mara chache, na anayeuliza ana haki ya kupata jibu la kweli.

Jibu hilo si picha iliyogandishwa. Wakati msomaji anapita kutoka prosesa ya 0 hadi ya 127, nyingine zinaendelea kuongeza na kupunguza. Lakini tofauti hiyo ni ya yale tu yaliyotokea wakati wa kusoma. Haikusanyi historia yote ya mchakato.

Kilichobaki

Kiraka hakikugusa uamuzi wa kuua mchakato RAM inapokwisha. Msimbo unaochagua wa kuuawa hukokotoa alama kwa kujumlisha RSS, kurasa zilizo kwenye swap na ukubwa wa majedwali ya kurasa, na RSS hiyo ilikuwa ikisomwa kwa njia ya haraka. Mchakato wa gigabaiti 200 utaonekana mkubwa hata ukipunguzwa gigabaiti 2. Ila kwenye mashine iliyojaa michakato mingi ya gigabaiti moja au mbili, kosa lina ukubwa sawa na vitu vinavyopimwa, na anayeuawa anaweza kuwa si yule mkubwa. Kupita kwenye prosesa zote kwa kila mchakato wakati kumbukumbu imekwisha ndilo jambo ambalo watu husita kuliongeza. Yamependekezwa mapendekezo ya kaunta za ngazi, ambapo prosesa chache huwasilisha kwenye kikundi, vikundi kwenye kikundi kikubwa zaidi, na upungufu wa juu hujulikana mapema. Mtu akijua kwamba namba mbili zinatofautiana kwa zaidi ya upungufu huo, hana haja ya kujumlisha kila kitu ili ajue kubwa ni ipi. Mimi naupenda mwelekeo huo, kwa sababu unamrudishia msomaji kitu alichokosa tangu 2010: namba pamoja na kipimo cha kuiamini.

Kwa anayeendesha kerneli ya 6.2 au ya baadaye isiyo na kiraka hiki, kwenye mashine ya prosesa nyingi, mambo mawili ya kufanya leo. Chukua michakato michache, mikubwa na midogo, linganisha VmRSS ya status na Rss ya smaps_rollup, na uone pengo lake. Kisha angalia tahadhari zako za ufuatiliaji: kama kuna inayolia mchakato unapovuka kiasi fulani, na kiasi hicho ni kidogo kuliko idadi ya prosesa, mara kizingiti, mara ukubwa wa ukurasa, basi tahadhari hiyo haina uhakika wa kulia. Kuhamia smaps_rollup kwa michakato yote kutakuumiza, kwani mchakato wa gigabaiti 100 una kurasa milioni 26 za kilobaiti 4 za kupitiwa, tena kufuli ya eneo lake la kumbukumbu ikiwa imeshikwa, na mtumiaji asiye na ruhusa hawezi kusoma faili hiyo kwa michakato ya wengine. Itumie kwa ile michache inayokunyima usingizi, mara moja kwa dakika kadhaa, mpaka kerneli yako ibadilishwe.